Rejeta ya Baba Cecil

Baba alikuwa amelala chali chini ya gari lake aina ya Noah, miguu tu imebaki nje, na mimi nimesimama juu yake na simu mkononi. Nilijua nikimwambia nilichoambiwa atainuka ghafla ajigonge kichwa. Kwa hiyo nilimwambia atoke kwanza.

"Nakusikia, Pili. Sema."

"Toka, Baba."

Akatoka akijiburuta, mavumbi mgongoni, bisibisi mkononi. Nikamwambia nesi amepiga kutoka Masasi. Daktari anasema hawana tena la kumfanyia Mama. Kama tunataka akae nyumbani, tumfuate leo, maana kesho hana hakika kama atasafirika. Baba alifuta mikono kwenye suruali, akaligeukia gari, akalitazama kwa chuki ambayo sijawahi kumwona akimtazama nayo mtu.

Lile gari lilikuwa likichemsha tangu mwezi uliopita. Alikuwa akienda nalo Masasi kumwona Mama na kurudi nalo Newala, na kila safari alisimama njiani kulipoza. Tulimwambia alipeleke kwa fundi. Baba aliendesha lori la chama cha korosho ujana wake wote, na mtu wa namna hiyo ukimtajia fundi unakuwa umemtukana.

Sasa nieleze kwa nini siku ile ilikuwa lazima, kwa sababu mtu wa mbali atasema mgonjwa ni mgonjwa, apumzike hukohuko alipo. Kwetu mtoto ni wa mama yake, na mama ni wa kaka zake. Mwanamke akifa, kaka zake ndio wenye kusema atalala wapi, na mume husikiliza. Kaka yangu Cecil alipokufa kwa ajali ya bodaboda, Mjomba Dastani alipanda mlima kutoka Lulindi kuja kumchukua, na Mama akajitupa chini uani mpaka Mjomba akaona haya. Cecil akazikwa nyuma ya nyumba yetu, pembeni ya mikorosho. Mjomba akamwambia Baba, "Huyu nimekupa, shemeji. Wa pili usiniombe."

Lakini aliyeomba mara ya pili hakuwa Baba, alikuwa Mama mwenyewe, pale kitandani hospitali. Alisema anataka kulala karibu na Cecil. Mjomba alifikiri sana, kisha akatoa neno lake mbele yetu sote. Akifia nyumbani kwa mumewe, juu kule, hatamtoa mtu kitandani mwake, azikwe hukohuko. Akifia hospitali au njiani, ni wa Lulindi, na watu wasigombane. Baba akasema amekubali. Wakapeana mikono. Mimi niliona kinyaa, wanaume wawili wanapatana juu ya mtu anayepumua kana kwamba wanagawana shamba, lakini Mama alitabasamu, basi nikanyamaza.

Kwa hiyo ilikuwa hivyo. Mama afike nyumbani akiwa hai.

Nilianza kutafuta gari lingine. Ilikuwa Oktoba, msimu wa korosho, na kila chenye magurudumu kilikuwa ghalani au njiani kwenda ghalani. Nikampigia Hamudi, jirani yetu mwenye pikapu. Akasema yuko kwenye foleni ya kushusha mzigo na hatarudi kabla ya alasiri. Basi lisingefaa, Mama hakuwa anaweza hata kukaa. Nilipomaliza kupiga simu nikarudi uani, nikamkuta Baba amefungua boneti.

"Usihangaike," akasema. "Nilimpeleka kwa gari hili, nitamrudisha kwa gari hili. Njoo unishikie tochi."

Jana yake jioni alikuwa ametandaza boksi la sabuni chini ya injini ili aone maji yanadondokea wapi. Akalivuta. Lilikuwa na doa moja, upande wa mkanda. Akanionyesha kwa bisibisi.

"Hapa ni pampu ya maji. Inalia machozi."

"Basi ndiyo hiyo."

"Siyo hiyo peke yake. Machozi haya ni kidogo. Na gari linachemsha hata rejeta ikiwa imejaa. Kuna kingine."

Nilitaka kumpigia kelele kwamba muda unakwenda. Lakini namjua, ukimharakisha anaanza upya. Akaminya mpira wa juu, akaminya wa chini, akapitisha vidole kwenye kila klipu kutafuta unyevu. Mipira ilikuwa mizima. Akazungusha feni kwa mkono, ikazunguka. Akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukisogeza kwenye mwanga.

"Oili safi. Ingekuwa imeingiwa na maji, na rangi ya chai ya maziwa, tungekaa chini tulie."

Injini ilikuwa baridi, kwa hiyo akafungua mfuniko wa rejeta bila wasiwasi, akaniambia niingie niwashe. "Kama gasketi imekufa, hewa itapanda humu kama sufuria ya maharage. Tuone."

Nikawasha. Halafu nikamwona pembeni ya boneti, ameganda, mkono hewani. Nikashuka kwenda kutazama. Mdomoni mwa rejeta kulikuwa kunapanda povu. Halikuwa lile bubujiko alilolisema. Lilikuwa povu jeupe, zito, linalofura na kumwagika polepole juu ya bamba la mbele, kama povu la beseni la nguo.

"Zima," akasema.

Akachovya kidole, akanusa. Akaninusisha na mimi. Nilijua harufu ile kabla haijanifika vizuri puani. Ilikuwa sabuni ya unga ya Mama, harufu ya mashuka yetu.

Tukageuka wote wawili kutazama ukuta wa jiko. Pale lilisimama dumu la njano ambalo Baba alijazia rejeta miaka yote. Mama ndiye aliyelijaza. Alisema hili ni la gari, mtu asiliguse, na hakuna aliyeligusa.

Nyumbani kwetu maji hayamwagwi. Mama alikua enzi za kushuka bondeni alfajiri na kurudi na ndoo kichwani jua likiwa kali, na hata bomba lilipokuja, linalotoa maji likijisikia, hakubadilika. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda kwa mbuzi. Maji ya kunawa yalikwenda kwenye mpapai. Maji ya kufulia yalisuuza nguo za kwanza, yakasuuza za pili, na yaliyobaki yakatulizwa mpaka uchafu ukae chini, yakachujwa kwa kitambaa, yakaonekana safi kabisa. Basi haya ndiyo aliyokuwa akilinywesha gari. Ukimwambia mwanamke wa Newala kwamba chuma kinahitaji maji mazuri ya kunywa, atakuuliza kama na chenyewe kina tumbo.

"Mimi nilidhani anachota kisimani," Baba akasema.

Nilicheka. Nilicheka vibaya, kicheko cha kuumia, kisha hasira ikanipanda na sikujua nimkasirikie nani. Mama alikuwa amelihudumia lile gari kwa uaminifu mkubwa kuliko sisi sote. Povu lake lilikuwa linazuia maji kuzunguka, utandu wake umeziba rejeta, na sabuni yake imekula pampu kidogo kidogo. Alikuwa anaweka akiba, masikini, na akiba ile ndiyo iliyotukwamisha.

"Usije ukamwambia," Baba akasema.

"Sina wazimu, Baba."

Akalala tena chini, akafungua koki ya rejeta. Yakatoka maji ya kahawia yenye ute. Kisha akaniambia jambo ambalo sikutegemea kulisikia katika ua ule maisha yangu yote. Aliniambia nifungue kisima, nichote, nimimine. Hicho ndicho kisima cha saruji cha maji ya mvua, maji yetu ya kunywa, na mvua ilikuwa bado mbali. Nikachota. Akajaza rejeta, akawasha, akaacha izunguke, akamwaga chini. Tukajaza tena, tukamwaga tena. Povu likapungua, likawa mapovu ya hapa na pale, likaisha. Ardhi ya ua ilikuwa matope kabisa. Mama Faidha, jirani yetu, akachungulia juu ya uzio.

"Jamani, mnamwaga maji?"

Mama Faidha alituangalia nyuso, akarudi kwake taratibu.

Pampu yenyewe haikuzibika. Pampu ya maji huwezi kuiziba, unaibadilisha, na mpya zilikuwa Masasi. Baba akaufunga mfuniko wa rejeta nusu, ili presha isijae ikasukuma maji pale penye ufa. Alisema mfuniko ukikaa hivyo maji huchemka upesi zaidi, lakini huvuja kidogo, na kati ya mabaya mawili atachagua lile analoweza kulimwagia dumu. Tukapakia madumu ya maji safi na godoro. Tukawasha, tukakaa tukiangalia mshale wa joto. Ulipanda hadi katikati, ukatulia. Tukashuka kwenda Masasi.

Kushuka hakuna shida. Gari bovu na gari zima yakishuka hayana tofauti. Tulifika Masasi jua limekaa juu ya vilima vya mawe, joto linatoka chini na juu. Mjomba Dastani alikuwa kwenye benchi nje ya wodi, kofia mapajani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Pili. Shemeji, umekuja."

"Nimekuja."

"Amekuulizia asubuhi yote." Akainuka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. Alitusaidia kumbeba Mama, akamshika upande wa kichwa, akamlaza kwenye godoro tulilotandika nyuma ya viti. Mama alikuwa mwepesi mpaka niliogopa. Mjomba akamtandaza kanga miguuni, akamnong'oneza kitu kwa Kimakonde ambacho sikukisikia. Kisha akamwambia Baba, "Nenda salama. Neno langu ni lilelile." Akapanda bodaboda kurudi Lulindi.

Karibu na stendi kuna mafundi chini ya mabati. Baba alisimamisha gari, akamwita mmoja, akamwonyesha pampu. Fundi akasema anayo inayoingia, lakini kufungua na kufunga mpaka alasiri. Baba akageuka kumtazama Mama. Pumzi zake zilikuwa zinakuja, zinakaa, zinakuja.

"Tubadilishe?" nikamuuliza.

"Muda wa kubadilisha pampu tutautoa kwake," akasema. "Wewe unaonaje?"

"Twende."

Mpaka leo nasema hivyohivyo. Tungekaa pale, angefia pale, chini ya mabati ya watu, kelele za mabasi zikimzunguka.

Tambarare gari lilikwenda vizuri. Nilikaa nyuma na Mama, kichwa chake pajani mwangu, nikimlowanisha midomo kwa kitambaa. Kwenye njia panda ya Lulindi Baba akasimama kuongeza maji. Mama akafumbua macho aliposikia maji yakimiminika.

"Baba Cecil. Gari lina nini?"

Baba akaja dirishani na dumu mkononi. "Halina kitu, Mama Cecil. Mpira wa chini ulichoka tu."

"Maji yangu yapo?"

"Yapo."

"Lile dumu la jikoni?"

"Lipo. Ndilo lililotufikisha miaka yote. Bila lile tungeshauza gari chuma chakavu."

Mama akaridhika. Alifumba macho na uso wake ukawa na kaujeuri kale ka mtu aliyebishiwa sana na sasa ameonekana mkweli. Nilimtazama Baba na nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda, na wakati huohuo nilitaka kulia kwa sauti.

Kisha tukaanza kupanda. Anayeijua njia ile anajua jinsi inavyojikunja ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu, upande mwingine unaona nchi ya chini yote mpaka macho yachoke. Injini ikabadilisha sauti. Baba akaweka gia ndogo, akaegemea mbele, kana kwamba anaweza kulisukuma kwa kifua. Mshale ukavuka katikati.

"Fungueni madirisha yote," akasema. "Nawasha hita."

Sikuelewa, nikamuuliza hita ya nini katika joto kama hili. Akasema hita huchukua moto wa injini na kuuleta ndani ya gari. Moto ukiwa kwetu hauko kwenye injini. Malori yote ya zamani yalipandishwa hivyo. Akawasha. Hewa ya moto ikaja, kavu, yenye harufu ya vumbi lililoungua, ikatupiga usoni. Mshale ukasita, ukarudi kidogo. Kweli aliujua ufundi wake. Tukapita kona, tukapita nyingine, na mimi nikaanza kuamini.

Lakini Mama alikuwa amelala usawa wa ile hewa. Jasho likamtoka, kisha likakauka. Nilimpepea na kanga, nikamkinga kwa mwili wangu, lakini hewa ilizunguka na kumpata. Akaanza kugeuza kichwa huku na huku.

"Joto," akasema.

Baba akasikia. Nilimwona machoni kupitia kioo.

"Vumilia kidogo, mama yake. Tunakaribia."

"Joto, Baba Cecil. Nazimia."

Baba aliendesha mwendo mfupi zaidi. Sijui aliwaza nini, hakuniambia na sijamuuliza. Najua tu kwamba alikuwa na vitu viwili mkononi, pumzi ya Mama na kaburi alilolitaka Mama, na kile kidude cha hita kilikuwa kati ya hivyo viwili. Akanyoosha mkono, akazima. Upepo wa kawaida ukaingia dirishani. Mama akashusha pumzi, akatulia, akasema, "Hapo sawa."

Mshale ukapanda kana kwamba ulikuwa unasubiri. Baba alipunguza mwendo mpaka tukawa tunapitwa na mtu wa baiskeli anayekokota. Halafu tukasikia mkanda ukilia, kitu kikapasuka mbele, na mvuke ukafunika kioo. Baba akavuta gari pembeni na kuzima. Alishuka, akafungua boneti, akasimama mbele yake bila kugusa chochote. Maji yote yalikuwa yanatiririka barabarani, yanarudi tulikotoka. Pampu ilikuwa imeachia kabisa. Alijaribu kuwasha baada ya kupoa, injini ikagoma kuzunguka.

Tulikuwa zaidi ya nusu ya mlima. Mbele ukingo wa juu ulionekana, na mikorosho iliyokaa juu yake.

Nikampigia Hamudi. Safari hii alikuwa amemaliza kushusha. Akasema nisiwe na wasiwasi, anageuza, anakuja moja kwa moja. Nikamwambia Mama, "Hamudi anakuja, Mama. Tunakwenda nyumbani sasa hivi." Baba akapanda nyuma, akakaa upande wa pili wa godoro, akamshika mkono. Lori la korosho likapita kushuka, dereva akapiga honi ya pole. Mama alipumua, akakaa. Akapumua, akakaa. Mimi nilikuwa natazama barabara ya juu nione pikapu, na Baba alikuwa anamtazama Mama, kwa hiyo yeye ndiye aliyejua kwanza. Akamfumba macho kwa kiganja.

Nililia mpaka nikaishiwa. Kisha kichwa kikaanza kufanya kazi, na nilichokiwaza nilikisema wazi, wala sikuona haya.

"Baba. Hamudi yuko karibu. Tukifika nyumbani tumlaze kitandani kwake, halafu ndipo tupige kelele. Nani atajua?"

Akaanza kuivuta kanga ifunike miguu ya Mama.

"Hamudi nitazungumza naye mimi. Yeye mwenyewe alitaka kulala na Cecil. Siyo wewe, siyo mimi, ni yeye. Mjomba ana nini cha kupoteza?"

"Nipe simu," Baba akasema.

Nilimpa nikidhani amekubali. Akampigia Hamudi. Akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hatupandi tena, arudi tu, ahsante sana kwa moyo wake. Akakata. Nilimtazama nikiona kama namtazama adui.

"Nilishikana mkono na Dastani mbele yake," akasema. "Na leo nimeshamdanganya mama yako mara moja. Inatosha."

"Ule haukuwa uongo mbaya."

"Ulikuwa uongo. Sitaongeza mwingine juu yake akiwa amelala hapa. Tunashuka naye Lulindi, gari litateremka lenyewe."

Nilimwambia maneno makali ambayo siyarudii. Aliyasikiliza yote. Kisha akashuka, akaweka gia huru, akaliachia gari lirudi nyuma polepole mpaka penye upana ambapo malori hupumzika, akakata usukani likaingia pembeni. Kulitoa pale pua ikiwa chini kulihitaji nguvu. Wakaja wanaume wawili waliokuwa wanakokota baiskeli zenye mkaa, wakaegesha, wakatusaidia kusukuma. Mmoja akachungulia ndani.

"Mgonjwa?"

"Amelala," nikasema.

"Mungu amsaidie."

Gari lisilo na injini halina ubishi. Lilianza lenyewe, taratibu, halafu kwa nguvu. Breki zilikuwa ngumu kwa sababu injini ilikuwa imezima, na usukani mzito, Baba akawa anasimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili na kukata kona kwa mabega. Hakukuwa na sauti yoyote isipokuwa matairi na upepo dirishani. Nilimshika Mama asiteleze. Kila kona niliyokuwa nimeihesabia kama imebaki nyuma ilirudi, na Baba alikuwa analia sasa, bila kufuta, kwa sababu mikono yote ilikuwa kwenye usukani.

Tambarare gari likaishiwa nguvu kabla ya njia panda. Vijana wa pale walilisukuma mpaka Lulindi, wakisimuliana habari za mpira, mpaka mmoja wao alipoona uso wa Mama na wote wakanyamaza. Mjomba Dastani alikuwa uani kwake anafungua kamba ya mbuzi. Aliliona gari, akaiachia ile kamba. Akaja mpaka dirishani, akamtazama dada yake muda mrefu.

"Amefia wapi?"

"Mlimani," Baba akasema. "Tulikuwa tunaiona mikorosho ya juu."

"Mmetoka huko mlimani?"

"Ndiyo."

"Ungeweza kuendelea naye."

"Ningeweza."

Mjomba akaweka mkono juu ya paa la gari. Hapo mimi niliomba. Niliomba kwa moyo wangu wote aseme, basi, shemeji, mpeleke juu, mtu mkweli kama wewe simnyimi kitu. Nilimwona akilifikiria. Naapa nililiona neno lile likiwa tayari mdomoni mwake. Kisha akashusha mkono, akawaita wanawe walete jembe na ufito wa kupimia kaburi, akawaambia wanawake watandike ndani. Wakaja wengi, wakafungua mlango wa nyuma, wakamchukua Mama kutoka pajani mwangu kwa upole mkubwa, wakiliita jina lake la usichana ambalo mimi sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu.

Baba alibaki amekaa nyuma ya usukani, mikono bado imeushika. Mjomba akamwita binti yake mdogo.

"Mletee mgeni kiti," akasema.

Kiti kikaletwa, kikawekwa pembeni, kivulini, mbali kidogo na mlango. Baba akashuka, akasema ahsante, akakaa.